Kugombea kiti bila kuwaachia wahuni uwanja: mwongozo kwa wanawake wa Kisumu, Nakuru na magharibi

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Kwa mwanamke anayetaka udiwani Kondele au ubunge Molo, vurugu haisubiri Agosti. Huanza siku anapotamka mbele ya watu kwamba anakitaka kiti. Simu inaingia usiku wa manane kutoka nambari ngeni. Picha yake iliyochezewa inazunguka kwenye kikundi cha WhatsApp cha wadi. Vijana wawili wanasimama kila jioni mkabala na lango lake bila kusema neno. Ndugu zake humwambia, "Hiyo ni siasa tu, utazoea." Usizoee. Mwongozo huu ni wako, dada, na wa wale watakaokusindikiza tangu leo hadi matokeo yatangazwe.

Wapiga kura wa huku wamekwisha kuonyesha kwamba mwanamke wanaweza kumchagua. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka wa 1965. Desemba 1969 akachaguliwa kuingia bungeni, mwanamke wa kwanza nchini kuchaguliwa mbunge, wiki chache tu baada ya damu kumwagika mjini humo kwenye ufunguzi wa hospitali ambayo watu wanaiita Russia mpaka leo. Nakuru mwaka wa 2022 ilichagua wanawake kwa nafasi ya gavana na ya seneta pia, mbali na kiti cha mwakilishi wa wanawake. Kwa hiyo anayekutisha hafanyi hivyo kwa sababu huwezi kushinda. Anakutisha kwa sababu unaweza. Kazi yake ni kukuzuia usifike kwenye debe, na kazi yako ni kufika ukiwa mzima.

Hatua ya kwanza: mjue anayekutisha

Vitisho havitoki mahali pamoja, na dawa yake si moja.

Wa kwanza ni wahuni wa kukodiwa. Hawakuchukii, wengine hata hawakujui jina. Wamepewa pesa kidogo na pombe ili wavuruge mkutano. Ukitaka kujua aliyewatuma, usiwaulize wao. Tazama ni nani anayefaidika usipoonekana sokoni Jumamosi hiyo.

Wa pili wako karibu zaidi: mume, shemeji, wazee wa ukoo wanaoambiana kwamba kiti hicho ni cha boma fulani, au kwamba wewe uliyeolewa huku si wa huku, na ulikozaliwa ulishaondoka. Kofi linalopigwa chumbani ili usiende kuchukua karatasi za uteuzi ni vurugu za uchaguzi sawasawa na jiwe la mkutanoni. Wanawake wengi huishia hapo, na hakuna anayewaandika popote.

Wa tatu ni makundi yenye mizizi, yenye imani fulani juu ya ardhi, kabila au dini, na yaliyo tayari kuua kwa ajili yake. Tusidhani hayo ni ya Pwani na Kaskazini Mashariki peke yake. Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, kundi la SLDF (Sabaot Land Defence Force) lilishika silaha kwa sababu ya mgao wa ardhi ya Chebyuk. Siasa za uchaguzi wa 2007 zikalitia nguvu. Watu wakakatwa masikio, wanawake wakabakwa, familia zikahama Cheptais na Kopsiro. Molo na Kuresoi zimechomwa zaidi ya mara moja tangu 1992. Mwaka wa 2011, kijana mzaliwa wa Busia aliyejiunga na Al-Shabaab alikiri mahakamani kuhusika na mashambulizi ya guruneti Nairobi. Kundi la namna hii halizimwi kwa maneno matamu ya mkutanoni. Hapo unahitaji serikali, viongozi wa dini na subira, nitalirudia mbele.

Keti na watu wawili unaowaamini, andikeni majina ya wanaoweza kukudhuru na sababu za kila mmoja. Karatasi hiyo isipigwe picha.

Hatua ya pili: fungua daftari

Kati ya yote yaliyo humu, hili ndilo ningekusihi ulifanye leo. Nunua daftari gumu, lile la kurasa zenye nambari, kwa sababu ukurasa ukichanwa itaonekana. Kila kitisho kiandike siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nambari iliyopiga, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Akikutukana kwa Kijaluo, kwa Kikuyu au kwa Kibukusu, andika kwa lugha hiyohiyo kwanza, kisha maana yake chini. Usisafishe tusi. Mbele ya hakimu, "alinitishia" ni neno lisilo na uzito. "Alisema nikienda Kaptembwo Jumapili nitarudi kwa jeneza" lina uzito.

Ujumbe wa simu usiufute hata ukikutia kichefuchefu. Upige picha ya skrini inayoonyesha nambari au jina la akaunti pamoja na tarehe, kisha uuache palepale kwenye simu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye chombo gani na kwa njia gani. Simu yenyewe ikiwa imeuzwa au imefutwa, wakili wa upande wa pili atashukuru. Nakala za picha hizo ziwekwe kwa mtu wa tatu, asiye mume wala meneja wa kampeni.

Faida nyingine ya daftari huonekana baada ya mwezi. Unaanza kuona kwamba simu za usiku huja kila unapotangaza mkutano upande fulani, au kwamba nambari moja imetumiwa na watu wawili. Hofu isiyo na umbo inageuka kuwa jambo unaloweza kumwonyesha afisa kwa kidole.

Hatua ya tatu: ripoti mapema, na utoke na nambari

Usingoje upigwe. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu kutisha kuwa kosa, si kupiga tu. Nenda kituo cha polisi mchana, na mtu mwingine, ukiwa na daftari. Eleza, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, na usiondoke bila nambari ya OB. Iandike papo hapo pamoja na jina la afisa wa zamu. Ukiandikisha taarifa, isome kabla ya kutia sahihi. Kama Kiingereza chake hakikueleweka, omba isomwe kwa Kiswahili.

Vituo vingi vina dawati la jinsia. Litumie, hasa kama kitisho ni cha kubakwa au kinatoka nyumbani. Ukiambiwa "haya ni mambo ya siasa, kamalizaneni na wenzako", usigombane hapo kaunta. Toka, andika daftarini nani alisema hivyo, kisha nenda kwa mkuu wa polisi wa kaunti ndogo. Malalamiko juu ya polisi wenyewe hupelekwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Huduma ya dharura ni 999 au 112. Simu ya bure kwa dhuluma za kijinsia ni 1195.

Njia ya pili, ambayo wagombea wengi husahau, ni tume ya uchaguzi yenyewe. Kanuni za maadili zilizo kwenye Sheria ya Uchaguzi ya 2011 humbana kila mgombea na kila chama, na zinataka wanawake waachwe huru kushiriki siasa. Lalamiko lililoandikwa vizuri, likiwa na nambari ya OB na kurasa za daftari, hupelekwa IEBC, ambayo kamati yake ya kanuni hizo inaweza kuonya, kutoza faini au kumzuia mgombea kufanya mikutano. Mpinzani wako hatetemeki kwa sababu ya polisi wa kituo cha mtaani. Akisikia anaweza kufungiwa mikutano wiki mbili kabla ya kura, huyo atawaita vijana wake mwenyewe.

Hatua ya nne: nyumba na watoto

Aprili 2017, wakati wa kura za mchujo za vyama, nyumba ya mbunge Millie Odhiambo huko Suba Kaskazini iliteketezwa. Huyo alikuwa mbunge tayari, mwenye mlinzi. Wewe wa udiwani huna mlinzi wa serikali, kwa hiyo majirani ndio ulinzi wako.

Waambie majirani wazi kwamba unagombea na kwamba umetishiwa. Kubalianeni ishara: filimbi, au simu inayolia mara mbili na kukatwa. Funguo za milango zikae mahali pamoja ambapo hata mtoto anapajua gizani. Weka ndoo za mchanga na maji karibu na mlango, na usiegemeze kuni wala mitungi ya gesi ukutani nje. Kitambulisho, vyeti vya shule, risiti za chama na karatasi za uteuzi zitolewe nakala zilizothibitishwa na wakili, zihifadhiwe nyumba nyingine. Miaka ya tisini, huku Bonde la Ufa, wagombea wa upinzani walinyang'anywa karatasi njiani wasifike kuziwasilisha. Siku ya kuwasilisha zako toka mapema, na seti ya pili iwe kwenye gari jingine.

Shuleni, mwandikie mwalimu mkuu majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kuwachukua watoto. Watoto nao waelezwe, kwa maneno ya umri wao. Mtoto aliyefichwa jambo ndiye atakayemjibu mgeni langoni, "Mama yuko, ngoja nimwite."

Hatua ya tano: safari na mikutano

Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi ya mkutano ipelekwe kwa mkuu wa kituo cha polisi siku tatu kabla, na si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Kwa karatasi hiyo utawauliza polisi walikuwa wapi. Katika kipindi rasmi cha kampeni, ratiba yako iwe pia kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneo, msije mkakutana na mpinzani uwanja mmoja. Mikutano ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wewe maliza saa kumi. Giza la Nyalenda na la Rhonda ni la wenye mawe.

Kwenye timu yako, mtu mmoja tu aijue ratiba yako yote. Bodaboda wachague kupitia mwenyekiti wa steji unayemfahamu, usibebwe na aliyejitokeza leo. Usirudi kwa njia uliyoendea. Picha za mkutano ziwekwe mtandaoni baada ya kuondoka. Jukwaa lisikae pembeni mwa ukuta, bali lielekee njia mbili za kutokea, na gari ligeuzwe tangu mwanzo liangalie barabara.

Wenzako wa chama cha akina mama ndio wasindikizaji wako wa kwanza. Wanawake thelathini wenye leso za rangi moja wakikuzunguka ukishuka jukwaani, kijana aliyekodiwa kwa mia tatu hufikiri mara mbili, maana mmoja wao ni mama yake au shangazi yake na atamtambua.

Hatua ya sita: usikodi genge lako

Utashauriwa. Meneja wako atakuambia, "Mheshimiwa, moto huzimwa kwa moto, nipe elfu ishirini nikuletee vijana." Kataa, na ukatae mbele ya watu. Kisumu ina kumbukumbu ya makundi kama China Squad na American Marine. Nakuru mwaka wa 2022 ililia kwa ajili ya wanawake waliouawa mtaa wa Mawanga, na genge la Confirm likatajwa kila mahali. Makundi ya namna hii hunoneshwa na pesa za kampeni, kisha kampeni zikiisha hugeukia mitaa iliyowalea. Vijana uliowalipa leo watalipwa zaidi kesho na yule mwingine, na sasa wanaujua mlango wako. Kisheria nawe utakuwa umejitia kitanzi, kwa sababu Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya 2010 haimwachi anayefadhili.

Unachoweza kufanya ni kuwapa vijana kazi inayoonekana: uwakala wa vituo, kubandika mabango, kupiga picha, kuongoza magari. Andika majina, andika malipo, lipa kwa siku, lipa kwa wakati. Na uwajue mama zao.

Hatua ya saba: simu

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, Facebook na barua pepe. Iombe kampuni ya simu iizuie laini yako isibadilishwe na wakala bila wewe kwenda dukani mwenyewe. Simu ya kampeni iwe tofauti na ile yenye picha za watoto.

Picha chafu ya kutengenezwa ikisambazwa, usiitume tena hata kwa kusema "oneni uongo huu". Toa kauli moja fupi, mara moja, halafu rudi kwenye habari ya maji na barabara. Kutawanya picha za faragha ni kosa chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, hupokea taarifa bure kwa 0800 722 203. Mpe rafiki mwenye kifua kipana kazi ya kusoma na kuhifadhi matusi, ili wewe usiyasome. Hakuna ushujaa katika kuyasoma usiku kucha.

Hatua ya nane: siku ya mchujo

Magharibi na Nyanza, mara nyingi mshindi wa tikiti ya chama fulani ndiye mshindi wa kiti. Ndiyo maana mchujo una damu kuliko Agosti. Polisi huwa wachache, sajili ya wapiga kura ina utata, na wasimamizi ni watu wa chama mnaojuana.

Wiki moja kabla, chora ramani ya vituo, uweke alama vile vilivyokuwa na fujo 2017 na 2022. Huko peleka mawakala wawili wawili, mmoja mwanamke mtu mzima, anayeheshimika. Wahuni huona aibu kumgusa anayeweza kuwa nyanya yao. Kila wakala awe na chakula na maji yake, asipokee kikombe cha mtu. Kila saa moja atume ujumbe mfupi kwa mtu mmoja aliyeketi mbali na vurugu: watu wangapi wamepiga, kuna nini nje. Ujumbe ukikosekana mara mbili mfululizo, gari linatumwa. Wakala akihisi hatari ya kweli aondoke na fomu. Kura zitadaiwa, maisha hayadaiwi.

Ukidhulumiwa, anza na kamati ya mizozo ya chama, kwa maandishi, siku hiyohiyo, kisha mahakama ya mizozo ya vyama vya siasa. Usiende kukesha nje ya kituo cha kuhesabia ukiwa na hasira na vijana nyuma yako. Hapo ndipo mawe huanza, na jina litakaloandikwa ni lako.

Hatua ya tisa: mtu akibakwa

Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, na ikaandika sura nzima juu ya ubakaji. Mwaka wa 2017 wanawake wa mitaa ya Kisumu walipitia hayo tena. Mweleze hili kila mwanamke kwenye timu yako sasa, kabla halijatokea.

Hospitali kwanza. Asioge, asibadili nguo. Akibadili, nguo zifungwe kwenye gazeti au bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Dawa za kuzuia Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ndiyo ile Russia, na hospitali kuu ya Nakuru zina vituo vya kuwahudumia walionusurika. Daktari atajaza fomu ya PRC, ya huduma kwa aliyebakwa. Ile ya P3, ya polisi, inaweza kufuata. Aliyebakwa hatakiwi kupita polisi ndipo atibiwe. Akiambiwa hivyo, piga 1195. Na kama mbakaji amevaa sare, njia ni ileile, pamoja na IPOA.

Asiachwe alale peke yake, na asiulizwe mara kumi. Mtu mmoja amsikilize, aandike, awasimulie wengine.

Hatua ya kumi: kijana anapovutwa na kundi

Mgombea mwanamke husikia mambo ambayo chifu hasikii. Mama atakuja kwako jioni, Mumias au Bondeni, akikuambia mwanawe ameacha kazi, amekata marafiki, anasema yuko karibu kusafiri kwenda kwenye kazi asiyoweza kuieleza. Usilipeleke jukwaani. Ukilitaja kwenye mkutano umemtia mama huyo hatarini, umejitia wewe, na kijana ataondoka usiku uleule. Wala usiseme "Waislamu hawa" au "hao watu wa mlimani". Jina la jamii nzima likichafuliwa, wanaosajili vijana hupata maneno ya kuwaambia.

Kama kuna dalili ya shambulio la karibu, au silaha, piga polisi mara moja. Kama bado ni mvuto, mtafute imamu, mchungaji au mwalimu ambaye kijana bado anamheshimu, na mshauri nasaha. Kaunti zina mipango ya kuzuia itikadi kali na jukwaa linaloikutanisha serikali ya kaunti na kamishna wa kaunti; ulizia ofisi ya kamishna, uende na mama huyo akikubali, bila kamera. Atakayekuwa shahidi ajulishwe kuhusu Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006 kabla hajaandikisha taarifa, si baada ya kutishwa.

Baada ya matokeo

Wiki ya kwanza baada ya kura ni ya hatari, uwe umeshinda au umeshindwa. Lala kwingine kama daftari linakuambia hivyo. Mawakala wote wahesabiwe, wafike kwao, walipwe. Ombi la kupinga matokeo ya udiwani au ubunge lina siku 28 tangu yatangazwe, na wakili mzuri atataka daftari lako kabla ya jambo lolote. Kesi za waliokupiga au kukutisha zitaendelea mwaka mzima, pengine zaidi. Mashahidi wako ni mama wa sokoni na mwendesha bodaboda. Kila tarehe ya kesi ni siku ya kazi iliyopotea. Tenga nauli yao na chakula chao kwenye bajeti ya kampeni tangu mwanzo, uiweke kwenye akaunti ya chama cha akina mama ambako hutaigusa, na umteue mmoja wao wa kuwapigia simu jioni kabla ya kila tarehe.